Aliyebaki Kwenye Simu

Mwizi wa Emil anajulikana mapema. Ni yule bwana mwenye kofia ngumu ya duara, aliyempa chokoleti ndani ya treni, akajiita Grundeis, kisha wakabaki wawili tu behewani. Emil akasinzia. Alipozinduka, bahasha ya maki 140 aliyoibana kwa pini ndani ya koti haikuwapo, na bwana yule naye hayupo. Kuanzia hapo msomaji haulizi tena nani kaiba. Anauliza mvulana wa mji mdogo, asiyewahi kukanyaga Berlin, atazipataje pesa za mama yake katika jiji la watu zaidi ya milioni nne.

Hiyo ndiyo Emil und die Detektive, riwaya ya Erich Kästner iliyotoka Berlin mwaka 1929. Mimi ni mtu wa Tanga, nimehamia Berlin nikiwa mtu mzima, na kitabu hiki nimekisoma Jumamosi nyingi pamoja na watoto wa kwetu wanaokulia huku, Kijerumani kikiwa kwenye ukurasa na Kiswahili mdomoni. Watu wazima hukisifu kwa uchangamfu wake, na sifa hiyo kinaistahili. Ninachokipendea mimi ni kingine. Sijasoma riwaya ya vijana inayoeleza urafiki wa wavulana kwa uwazi kama huu: urafiki ni kazi inayogawanywa, kila mtu na zamu yake, na mwenye kubeba mzigo mkubwa ni yule aliyepewa zamu isiyo na sifa.

Vijana wa Ujerumani wa enzi zile hawakukosa hadithi za upelelezi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 waliuziwa vijarida vyembamba vya Nick Carter, mpelelezi aliyetoka Marekani, na walimu wakavipiga vita. Shujaa wa vijarida vile alikuwa mtu mzima, mwenye silaha, anayemaliza kila kitu mwenyewe. Huko Marekani, mwaka 1927, ndugu wawili Frank na Joe Hardy walianza kufumbua mafumbo, lakini baba yao alikuwa mpelelezi wa kazi, kwa hiyo ufundi waliukuta nyumbani. Hata kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Bwana Msa alikuwa mtu mzima na kiko chake, akili yake ikitangulia na rafiki yake Najum akifuata. Kästner alipita njia nyingine. Wapelelezi wake ni watoto wa mtaa mmoja, wamekutana na Emil mchana huohuo, hawana silaha wala baba wa kuwaelekeza. Walichonacho ni honi moja, simu moja, na vijisenti walivyochanga.

Kästner mwenyewe alizaliwa Dresden tarehe 23 Februari 1899. Majina yake kamili ni Emil Erich. Emil lilikuwa pia jina la baba yake, fundi wa ngozi aliyeishia kuajiriwa katika kiwanda cha masanduku. Mama yake, Ida, alijifunza kutengeneza nywele akiwa tayari ni mama wa mtoto, akawahudumia wateja nyumbani katika kona ya chumba cha kulala, na wengine akawafuata makwao na vifaa vyake mkobani. Katika kumbukumbu zake za utoto, alizozitoa mwaka 1957, Kästner anasimulia jinsi mwanamke mmoja alivyomwagiza mama yake kwenda kuwatengeneza nywele wanawake wa harusi nzima. Walipofika, mama na mwana, hakukuwa na harusi wala watu wa jina lile. Siku nyingine mvulana akamwona mwanamke yuleyule barabarani. Hakupiga kelele. Alimfuata hatua kwa hatua hadi kwenye duka alikokuwa akiuza, akajua mahali pa kumpata.

Nikisoma kisa hicho naiona riwaya yote imeshakunjwa ndani yake: mama anayeishi kwa jasho, mtu mzima anayemdanganya, na mtoto anayefuata nyuma bila kuonekana. Emil Tischbein wa kitabuni naye ni mtoto wa mama mtengeneza nywele. Baba yake amefariki. Mama anapata maki 35 kwa wiki. Kwa hiyo maki 140 alizotoa, 120 za kumpelekea bibi na 20 za mtoto, ni mapato ya wiki nne, na Kästner anahakikisha msomaji mdogo ameyajua haya kabla treni haijaondoka. Vitabu vingi vya vijana humpa mwizi dhahabu au lulu. Huyu kaiba nywele zilizooshwa, kichwa baada ya kichwa, nyumbani kwa mjane.

Mwaka 1927 Kästner alihamia Berlin kutoka Leipzig, akaishi na kuandika magazetini. Aliyemtia moyo aandike kwa ajili ya watoto ni Edith Jacobsohn, mjane wa mhariri Siegfried Jacobsohn wa jarida la Die Weltbühne. Bibi huyu alikuwa na kampuni ya vitabu vya watoto, Williams & Co., iliyowaletea Wajerumani hadithi za Doctor Dolittle na Winnie-the-Pooh. Picha zikachorwa na Walter Trier, mzaliwa wa Prague. Jalada lake lingali likichapishwa mpaka leo: barabara ya manjano, mnara wa matangazo, na wavulana wawili wamejibanza nyuma yake wakimchungulia mtu aliyevaa kofia.

Mahali pa hadithi ni pa kweli, na hapo ndipo paliponifungua macho. Emil alitakiwa ashuke stesheni ya Friedrichstraße, ambako bibi yake na binamu yake walikuwa wakimsubiri penye kibanda cha maua. Akaiona ile kofia ikishuka stesheni ya Zoo, naye akaruka na sanduku lake na shada la maua. Akapanda tramu namba 177 bila senti mfukoni. Bwana asiyemjua, aliyekuwa akisoma gazeti, akamlipia nauli. Wakafika kwenye pembe ya Kaiserallee na Trautenaustraße. Mwizi akakaa mkahawani kula, Emil akajificha ng'ambo ya barabara. Kästner alikuwa mpangaji Prager Straße, mwendo mfupi tu kutoka pembe hiyo. Njia aliyoipita yeye kila siku ndiyo aliyompitisha mwizi.

Nilimchukua mtoto wa dada yangu, wa miaka kumi na moja, tukapita palepale. Kaiserallee iliitwa Bundesallee kuanzia mwaka 1950. Tramu hakuna tena. Ya mwisho ya Berlin Magharibi iliacha kazi mwaka 1967, na sasa magari yanapita kwa kasi hata mtu mzima anasita kuvuka. Mtoto akasimama pembeni na kitabu, akipima kwa macho Emil angejificha wapi.

"Mjomba, lakini kwa nini hakwenda kumwambia polisi?"

"Umesahau ile sanamu?"

Akakumbuka. Huko kwao Neustadt, kabla ya safari, Emil na wenzake waliipaka sanamu ya mtawala rangi nyekundu puani na masharubu meusi. Askari wa mji akamwona. Sasa Emil anaamini kwamba akimkaribia polisi yeyote wa Berlin atakamatwa yeye kabla ya mwizi. Watoto hucheka hapa, kisha wananyamaza, maana kila mmoja ana sanamu yake. Hofu hii ndiyo inayokiendesha kitabu. Isingekuwapo, Emil angepiga ripoti kituoni, hadithi ingekwisha ukurasa wa tano. Kwa kuwa hawezi kuwaendea wakubwa, anabaki na njia moja: kukubali mbele ya mvulana asiyemjua kwamba ameibiwa na kwamba kuna jambo alilolikosea kwao. Mvulana huyo ni Gustav, ana honi mfukoni, na anatangaza ujio wake kwa kuipuliza nyuma ya kisogo cha Emil.

Gustav anakwenda uani, anapuliza honi, anarudi na kundi. Wanahamia Nikolsburger Platz, uwanja mdogo wenye miti na benchi karibu na hapo, na mkutano unaanza. Mwenye kuuongoza anaitwa Professor, mtoto wa mwanasheria, hodari wa kuvua na kuvaa miwani. Nimewaona watoto wakisoma sehemu hii kwa utulivu kuliko ule wakati wa kumkimbiza mwizi. Wavulana wanahesabu pesa zilizopo. Wanateua walinzi, wajumbe, na kikosi cha akiba kitakachokaa nyumbani kikisubiri kuitwa. Wanapeana neno la siri. Wanakubaliana nani aarifiwe na kwa njia gani. Mmoja wao anataka kuleta bastola, wenzake wanakataa. Halafu wanauliza: nani ana simu nyumbani?

Ni mtoto mdogo kuliko wote, anaitwa Dienstag. Wazazi wake jioni ile wanatoka. Basi yeye arudi nyumbani akae karibu na simu, apokee habari kutoka kwa kila kikundi na kuzipeleka kwa kingine. Bila yeye mmoja hatajua mwenzake yuko wapi. Dienstag anaielewa hoja, na inamuuma. Anataka kuwa mtaani na wenzake, gizani, akimwona mwizi kwa macho yake. Anakwenda nyumbani. Usiku unamkuta kitini, simu mkononi mwake, akisinzia na kuamka, akiandika kila neno. Kofia ile haioni.

Mtoto wa dada yangu akaniuliza kama Dienstag alilia. Kitabu hakisemi hivyo. Kinachosema ni kwamba, mambo yalipokwisha na watoto wote wakajazana kwa bibi yake Emil kula keki, bibi alisimama akawahutubia, na kati ya wote mtoto aliyemsifu zaidi ni huyu aliyebaki kwenye simu. Nampenda sana bibi yule kwa hotuba hiyo. Ilinifanya nitazame upya timu zetu za utotoni kule Ngamiani, Tanga: nani alitunza mpira usiku, nani alibaki kulinda viatu vya wenzake wakati tunaogelea.

Jambo moja katika kitabu hiki silikubali. Binamu yake Emil, Pony Hütchen, ana baiskeli na mdomo mkali kuliko wavulana wote, na anafaa kuongoza. Lakini anakuja, anasalimia, asubuhi analeta kahawa na mkate, anarudishwa nyumbani. Wasichana ninaowasomea huliona hili mara moja, nami siwatetei wavulana wa Nikolsburger Platz.

Kumkamata mwizi kwenyewe ni kwa umati. Asubuhi Grundeis anatoka hotelini Nollendorfplatz na kukuta watoto. Akigeuka kushoto, watoto, akisimama, wanasimama. Habari imepita kutoka ua hadi ua, na hakuna anayemgusa. Wanamtazama tu, wanamfuata, mpaka anakimbilia benki ili avunje noti. Humo ndani kila mkubwa anauliza ushahidi, na ushahidi unatoka kwa Emil: noti zake zina matundu ya pini. Hiyo ndiyo hila yote ya kipelelezi iliyomo kitabuni, na inatosha. Mtoto aliibana bahasha ili asizipoteze pesa za mama yake, na uangalifu uleule ndio uliomrudishia. Polisi wakagundua kwamba bwana yule, aliyekwisha kujitaja kwa majina matatu, alitafutwa kwa wizi wa benki kule Hannover. Emil akapewa zawadi ya maki 1,000. Fikra yake ya kwanza ilikuwa mama: mashine ya umeme ya kukaushia nywele, na koti lenye manyoya ndani. Naye yule bwana wa gazeti aliyemlipia nauli akajitokeza tena kama mwandishi wa habari, na jina lake ni Kästner.

Kitabu kilipendwa upesi. Mwaka 1930 kikachezwa jukwaani, na Desemba 1931 ikatoka filamu ya Gerhard Lamprecht, iliyoandikwa na kijana aliyekuja kujulikana Marekani kwa jina la Billy Wilder. Kamera zilipelekwa barabarani, kwa hiyo ukiitazama leo unaiona Berlin yenyewe, stesheni zake, tramu zake na watoto wake wa kweli. Mtoto aliyeigiza Dienstag, Hans Albrecht Löhr, alikuwa amemwandikia Kästner barua akiomba aingizwe katika filamu.

Miezi kumi na minne baada ya hapo Hitler alishika madaraka. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vya Kästner vilichomwa moto uwanjani Berlin, jina lake likitajwa kwa sauti, naye akiwa amesimama katika umati akishuhudia. Emil kiliachwa kwa muda kwa sababu ya umaarufu wake, kisha mwaka 1936 nacho kikapigwa marufuku. Edith Jacobsohn, aliyekuwa Myahudi, alikimbia. Alifariki London mwaka 1935. Walter Trier, Myahudi pia, alihamia London mwaka 1936, baadaye Kanada, akafia huko mwaka 1951. Kästner alibaki Ujerumani muda wote, akizuiwa kuchapisha nchini kwake, na nyumba yake ikateketea kwa mabomu mwaka 1944.

Mashariki ya Nikolsburger Platz, mwendo wa miguu, kuna mitaa ya Schöneberg inayoitwa Bayerisches Viertel, ambako familia nyingi za Kiyahudi ziliishi. Tangu mwaka 1993 nguzo za taa za mitaa hiyo zimebeba vibao 80, kila kimoja na picha upande huu na amri ya Wanazi upande wa pili, pamoja na tarehe yake. Nilivipitia polepole. Mwaka 1938 watoto wa Kiyahudi walifukuzwa shule za serikali. Mwaka 1940 simu za nyumbani za Wayahudi zilikatwa. Mwaka 1941 walikatazwa hata kutumia simu za vibandani, na mwaka 1942 wakakatazwa kupanda tramu. Mtu aliyetoka kukisoma kitabu cha Emil hawezi kusoma vibao hivyo kama orodha ya sheria. Anamwona Dienstag akinyang'anywa simu, na Emil akiteremshwa kwenye namba 177.

Mwaka uleule kitabu kilipotoka, 1929, alifika Berlin mtu wa kwetu, Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alikuwa ametumika katika jeshi la Wajerumani tangu utotoni wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, na alikuja kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, aliyekuwa askari. Hakulipwa. Alifanya kazi ya uhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, Potsdamer Platz, na akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Alioa, akazaa, akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 jina lake limo barabarani, kwenye kibamba cha shaba ya njano, Brunnenstraße namba 193. Naye alikuja Berlin kutafuta fedha zilizokuwa haki ya nyumba yao. Watoto wangu wa Jumamosi nimewapeleka kwake pia, kwa kuwa Berlin ya Emil ilikuwa Berlin yake, na hakupata wa kumpulizia honi.

Na wale wavulana wa filamu ya Emil walifikia umri wa kuandikishwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hans Joachim Schaufuß, aliyeigiza Gustav, aliuawa mwaka 1941 upande wa Urusi. Rolf Wenkhaus, aliyeigiza Emil, alikufa mwaka 1942 ndege yake ilipotunguliwa karibu na pwani ya Ireland. Hans Albrecht Löhr, Dienstag, aliuawa Urusi mwaka huohuo akiwa na miaka 20. Walikuwa askari wa jeshi la serikali ileile iliyochoma vitabu, na hilo lisemwe wazi. Mimi hubaki na huzuni hata hivyo, kwa sababu kitabu walichokiigiza kiliwafundisha watoto kupanga mambo yao wenyewe kwa kukubaliana, na nchi yao ikawafundisha kinyume chake.

Kästner aliishi hadi mwaka 1974. Mwaka 1960 alipata Nishani ya Hans Christian Andersen, na Emil kimeenea duniani kwa lugha nyingi. Waandishi wengi waliofuata, kuanzia Enid Blyton na Watano wake wa mwaka 1942 hadi Astrid Lindgren na Kalle Blomkvist wake wa 1946, walikuta mlango umeshafunguliwa: watoto wanaweza kushika upelelezi wao wenyewe.

Waandishi wa Kiswahili, hasa ninyi mnaoandikia vijana, nawaomba jambo moja. Ngamiani ya Tanga ina barabara zenye namba, zimepangwa sambamba, na kila mtoto aliyekulia pale anajua njia za mkato. Msimpe mpelelezi wenu mji usio na jina. Mwekeni Barabara ya Saba, mpeni mama anayesuka au kuuza vitumbua, mtaje vitumbua ni vingapi na vinauzwaje, kisha mwacheni aibiwe hizo pesa. Mpeni na msichana mwenye baiskeli, na safari hii mwacheni aongoze. Na kabla hamjaanza kumkimbiza mwizi, amueni nani atabaki na simu.